Mkate Uliovaa Saa

Mume wangu ni mwoka mikate, na mtaa mzima humwita Gramu. Jina hilo hakupewa kwa sababu ya umbo, maana siku ninayoanzia kuwasimulia alikuwa na kilo mia moja na nne. Alipewa kwa sababu ya mizani. Katika miaka ishirini na sita ya duka letu hajawahi kutia donge hata moja tanurini bila kulipima kwanza, na ukimwambia "kadiria tu, baba" anakutazama kama umemtukania mama yake. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha tanuri, anatoa mawe yake ya mizani, anayafuta kwa kitambaa, halafu anakagua mizani zote tatu: ile ndogo ya chumvi na hamira, ya kati ya madonge, na ile kubwa ya sakafuni ya kupimia magunia. Ikikosea gramu mbili, hatuoki mpaka irekebishwe. Wateja wanasubiri nje, na anayesutwa ni mimi niliye kaunta.

Sasa mtu wa namna hiyo, hebu niambieni, alidanganywaje na saa ya mkononi?

Ilianza na goti. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, mfupa unasaga mfupa. Sisi tunaishi juu ya duka letu, na kutoka dukani mpaka chumbani kuna vipandio kumi na saba. Nimevihesabu mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuhesabu ngazi. Miaka miwili kabla ya mambo haya, Gramu alijaribu kuvipanda, akafika cha sita, akashuka kwa makalio. Tangu siku hiyo alitandika godoro ghalani, katikati ya magunia ya unga, akasema ni kwa muda tu. Mimi nikabaki juu na kitanda cha watu wawili. Kabla sijalala nilikuwa nagonga sakafu mara mbili kwa mpini wa ufagio, naye ananijibu kwa kugonga bomba la maji kwa kijiko. Hiyo ndiyo ndoa tuliyobaki nayo, ufagio na kijiko. Watu wakiniuliza hali nilikuwa nasema hatujambo, lakini nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema.

Tukaenda hospitali kumwona daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hufika huku mara mbili tu kwa mwaka. Alilitazama goti, akatazama picha, akamtazama mwenye goti.

"Mzee, goti nitakubadilishia," alisema. "Lakini sikupasui ukiwa na uzito huu. Nikirudi baada ya miezi sita nikukute chini ya kilo tisini na tano. Ukiwa tisini na tano na nusu, nafasi yako anapewa mwingine, na wewe tunaonana safari ijayo."

"Tisini na tano kamili inakubalika?" akauliza mume wangu.

"Chini ya tisini na tano, mzee."

Nilimwona anafurahi. Hatimaye mtu anayezungumza lugha yake.

Binti yetu anafanya kazi mbali, na mapenzi yake huyatuma kwa kifurushi. Aliposikia habari za daktari akatuma saa. Nyeusi, ya mpira, na upande wa chini ina taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi na kusoma mapigo ya moyo. Kutokana na mapigo hayo, saa inakuambia umechoma kalori ngapi.

"Baba," akasema kwenye simu, "ukichoma nyingi kuliko unazokula, utapungua. Ni hesabu tu."

Hakupaswa kumwambia Gramu neno hesabu. Alivaa saa ile kama mtu anayevishwa pete.

Siku ya kwanza tu, jioni, akaniita ghalani. "Mama, njoo uone. Elfu tatu na mia tisa!"

"Za nini?"

"Kalori. Nimechoma elfu tatu na mia tisa leo. Na hatua elfu kumi na mbili."

"Hatua za wapi, baba? Umekwenda wapi wewe?" Siku nzima alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakanda unga. Kutoka kwenye kigoda hadi chooni ni hatua tisa, nazo anazitembea kwa gongo.

"Saa inajua," akasema.

Saa ilikuwa inajua mkono wake. Mkono ukienda mbele na kurudi nyuma juu ya donge, saa inadhani mwenye mkono anatembea. Kila akikanda alikuwa anavuka mji mzima bila kunyanyuka. Na tanuri je! Akisogea karibu na mlango wa tanuri, jasho linamtoka, moyo unakwenda mia na thelathini, saa inatetemeka na kuandika: *Mazoezi yamegunduliwa. Kazi nzuri!* Mtu amesimama tu anaokwa pamoja na mikate, anapewa hongera. Siku moja mkaguzi wa afya aliingia ghafla bila taarifa. Gramu hakunyanyua mguu, aliganda pale pale kama nguzo, lakini alipoondoka mkaguzi saa ilionyesha kalori mia moja na themanini. Kwa woga! Kahawa nayo ilikuwa na malipo yake. Vikombe viwili vya kahawa nzito, na moyo unaanza kukimbia wenyewe kama umesahau kitu.

Lakini kilichonivunja mbavu ni jioni moja alipokuja kaunta, amekunja uso, anatazama mkono.

"Mama, zimebaki themanini nifikishe lengo la leo."

"Sasa?"

"Hebu nikasirishe kidogo."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi nikamkasirisha, tena kwa moyo mweupe. Nilimtajia kaka yake na ile pikipiki aliyoiazima asiirudishe, nikamkumbusha sherehe ya binti yetu alivyolala wakati wa hotuba yake mwenyewe, nikamalizia kwa kumwambia mkate wa duka la pili siku hizi unaumuka vizuri kuliko wetu. Akapiga kaunta, akanguruma, akaniita majina. Katikati ya ngurumo saa ikatetemeka.

"Imefika," akasema, akatulia palepale. "Asante, mke wangu."

Ningecheka tu ingekuwa yanaishia hapo. Lakini kalori zile alikuwa anazila. Saa ikisema amechoma elfu nne, yeye anakula elfu tatu na nusu na kujiona mtawa. Na anakula kwa mizani! Anapima nyama, anapima siagi, anapima mkate, anaandika kwenye daftari kwa penseli iliyochongwa. Kinachoingia mdomoni alikijua kwa gramu. Kinachotoka mwilini kilikisiwa na kipande cha mpira, na hakuona kasoro yoyote.

"Suruali inakubana, baba," nilimwambia mwezi wa tatu.

"Joto la tanuri. Linasinyaza kitambaa."

"Panda kwenye mizani ya magunia tuone."

Alishtuka kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Mizani ya chakula haikanyagwi na miguu! Umeishi na mwoka mikate miaka yote hii hujui hilo?"

Kwa hiyo nyumba yenye mizani tatu haikuwa na pa kumpimia mtu. Na nisijitie usafi, mimi pia nilichangia. Nilimpakulia. Akinyoosha mkono kunionyesha ile namba, nilikuwa naongeza kijiko kingine, kwa sababu namba ilikuwa kubwa na mimi nilitaka iwe kweli. Mwezi wa tano nilifua shuka za upande wake wa kitanda, nikazinyoosha kwa pasi, nikatandika. Nilijua ujinga wangu wakati nazinyoosha, lakini nilizinyoosha.

Miezi sita ikafika. Hospitali iko mtaa wa pili, tulikwenda polepole, yeye na gongo lake, amevaa shati la sherehe. Nesi akamwambia apande mizani. Akapanda. Nesi akasoma kwa sauti, kama wanavyosoma wao, bila huruma wala ubaya.

"Mia moja na saba nukta mbili."

Watu wa kwenye benchi wakainua vichwa.

"Dada," akasema mume wangu kwa upole sana, "mizani yako mbovu."

"Baba, imekaguliwa mwezi uliopita."

"Na nani?"

"Na fundi."

"Kwa jiwe gani?" Nesi akaitazama mizani yake. Gramu akanigeukia. "Mama, kaniletee jiwe la kilo ishirini. Na la kumi."

Jamani, aibu ina viwango, na mimi siku hiyo nilivimaliza vyote. Nilirudi dukani, nikapakia mawe mawili ya chuma kwenye kitoroli cha magunia, nikakisukuma barabarani, gurudumu moja linalia kama paka aliyekanyagwa. Nikaingia nacho hospitali, nikapita mapokezi, nikapita wodi ya wazazi, watu wananipisha wakidhani nimeleta mashine. Ningeweza kukataa. Sikukataa kwa sababu na mimi nilikuwa nasali moyoni mizani ile iwe mbovu.

Gramu aliinama kwa taabu, akalifuta jiwe la ishirini kwa kitambaa chake, akaliweka juu ya mizani.

Ishirini nukta sifuri.

Akaongeza la kumi. Thelathini nukta sifuri.

Akayatoa, akayapanga upya, akayaweka pembeni ya mizani, akayaweka katikati. Thelathini. Thelathini. Mume wangu ana kasoro zake, nami nazijua kuliko mtu yeyote, lakini hawezi kubishana na jiwe lake mwenyewe. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya mizani.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Hakucheka, na nitamheshimu kwa hilo mpaka nife. Aliuomba mkono wa Gramu, akaitazama saa.

"Hii ndiyo iliyokuambia?"

"Imesema nimechoma laki sita na zaidi tangu niivae," akajibu mume wangu. "Nimeandika zote."

"Mzee, mapigo ya moyo inayasoma, na kwa mtu aliyetulia inayasoma si vibaya. Lakini kalori haizioni. Inakisia. Moyo ukienda mbio, yenyewe inadhani misuli inafanya kazi. Haiwezi kujua kama unakimbia, umeona nyoka, au umesimama karibu na moto. Kwa mtu anayekimbia inaweza kukaribia, na hata huyo anaweza kupewa zaidi au kupunjwa kwa kiasi kikubwa. Kwa mtu wa tanuri..." Hakumaliza. "Pole sana. Safari hii siwezi. Nitarudi baada ya miezi sita."

Tulirudi nyumbani mimi nasukuma kitoroli, yeye ananifuata nyuma na gongo lake. Usiku ule niligonga sakafu kwa ufagio mara mbili, bomba halikujibu. Nikagonga tena. Sikupata jibu.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta ameshakagua mizani zake tatu. Juu ya meza alikuwa ameweka mkate mmoja mrefu wa jana, na kwenye mkate huo amefunga ile saa, ameikaza vizuri tundu la tatu.

Nikasema moyoni, basi, mume wangu amechanganyikiwa.

"Kaa," akaniambia. "Mizani yoyote inaanza kukaguliwa ikiwa tupu. Ikiwa tupu halafu ikasema kitu, hiyo si mizani. Nilipaswa kufanya hivi siku ya kwanza."

"Na mkate?"

"Mkate ndio utupu wenyewe. Haufanyi kazi, haukasiriki, haunywi kahawa. Unapaswa kuwa sifuri."

Tukakaa tunautazama mkate. Mwanzoni saa ilionyesha vistari tu. Taa ya kijani ikamulika, ikamulika. Halafu ikaandika: mapigo sabini na nane.

"Lo!" nikasema. "Uko hai."

Mapigo yakapanda tisini na moja, yakashuka themanini na tano. Tulifungua duka, nikauza, nikarudi kuchungulia. Baada ya saa moja na nusu mkate wa jana, umelala mezani, ulikuwa umechoma kalori mia moja na nne. Na nilipokuwa bado nimeduwaa, saa ikatetemeka juu ya ganda, ikaandika: *Umekaa muda mrefu. Simama utembee kidogo!*

Gramu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka mpaka mteja akachungulia kuuliza kuna nini, na tulishindwa kumweleza. Halafu nikaona kicheko chake kimebadilika. Mabega yalikuwa yanatikisika vilevile, lakini alikuwa analia.

"Nimepoteza miezi sita, mama," akasema. "Najua unalala peke yako. Kila ukigonga najua. Juzi nilishindwa kujibu kwa aibu."

Nikamwambia habari za shuka nilizonyoosha kwa pasi. Nikamwambia na vile vijiko vya ziada. Alisikiliza, akafuta macho kwa aproni yenye unga, akabaki na uso mweupe. Kisha akanyanyuka, akaenda kuosha miguu yake kwa sabuni, akatandika gunia safi juu ya ile mizani ya sakafuni ambayo haikanyagwi, akaikanyaga.

"Soma," akasema. "Mimi nitafumba macho."

Mia moja na saba, kasoro gramu mia tatu. Nikasoma yote, na gramu zake.

Kuanzia hapo alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kazi yake. Kila Jumatatu, baada ya mawe, alipanda yeye. Mizani ikikataa kushuka, wiki hiyo chakula kinapunguzwa, hata kama amejisikia amefanya kazi ya punda. Mtu wa mazoezi ya viungo wa hospitali alimwonyesha ya kufanya akiwa amekaa, kuinua mguu na kuvuta mpira, akayafanya huku analalamika. Hakupewa hongera na mtu yeyote. Mimi niliwahi kumpa mara moja, alipofika mia moja, akaniambia ninyamaze nisimkoseshe hesabu. Kulikuwa na wiki mbaya, alikuwa mkali, alinuna, aliutukana mkate. Wiki moja alipanda gramu mia nane na hatukusemezana siku mbili. Lakini kijiko kilikuwa kinagonga bomba kila usiku, mara mbili.

Daktari aliporudi, nesi yuleyule alimpandisha mizani ileile. "Tisini na tatu nukta sita," akasoma, kisha akaongeza, "Leo hukuja na mawe, baba?"

"Mizani yako naiamini, dada," akasema Gramu. "Nimeikagua mwenyewe."

Alipasuliwa wiki hiyo. Siwachoshi na bandeji na magongo. Wiki ya tisa, siku ya mapumziko ya duka, mchana, alisimama chini ya ngazi. Alikuwa na saa mkononi, siku hizi anaitumia kutazamia muda tu, anasema kwa muda ni nzuri sana. Mimi nikasimama nyuma yake, kama vile mwanamke wa kilo sitini angeweza kumdaka.

Alipanda kimoja, akapumzika. Alipofika cha sita, pale aliposhukia kwa makalio, alisimama muda mrefu. Akaendelea. Nilihesabu kwa sauti bila kujijua. Alipokanyaga cha kumi na saba nilikuwa nalia waziwazi, na yeye hakugeuka, alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani, upande wake, akakaa juu ya shuka nilizozifua tena. Alikuwa anahema kama mvukuto.

Nikamshika mkono, nikaitazama saa.

"Inasemaje?" akauliza.

"Kalori nne."

Mtu huyuhuyu alipewa mia moja na themanini kwa kumwogopa mkaguzi. Mkate ulipewa mia na nne kwa kulala. Kwa vipandio kumi na saba nilivyovingoja miaka mitatu na ushee, nne. Nilitaka kuitupa dirishani.

Gramu alifikiri kidogo, midomo inacheza, anapiga hesabu ya uzito wake na urefu wa ngazi.

"Unajua," akasema, "hii inaweza kuwa kweli."

Nikamvua saa nikaiweka mbali. Ule ufagio ulikuwa umeegemea ukuta karibu na kitanda, mahali pake pa miaka yote. Siku hizi naufagilia tu.